Thom Inapoingia Mjini

Mtaa mmoja wa Juba unaitwa Juba Na Bari. Msomaji wa Kiswahili akilipitia jina hilo haraka atadhani ametajiwa vitu viwili, Juba pamoja na Bari, kama tunavyosema chumvi na sukari. Lakini hiyo "na" ni ya Kibari. Katika lugha hiyo majina yana jinsia, na kiunganishi cha umiliki hufuata jinsia ya jina: "lo" kwa la kiume, "na" kwa la kike. Juba Na Bari ni Juba ya Wabari. Ndani ya mji mkuu wa Sudani Kusini, nchi changa kuliko zote duniani, wenyeji wameacha alama kwamba kabla ya wizara, balozi na uwanja wa ndege, palikuwa na kijiji, na kijiji kilikuwa na wenyewe.

Kilikuwa kijiji kidogo kando ya Mto Naili. Wamisionari wa Kianglikana walijenga shule karibu nacho mwaka 1920. Wafanyabiashara Wagiriki wakafungua maduka. Mwishoni mwa miaka ya 1920 Waingereza wakaleta hapo makao ya mkoa, wakiyahamisha kutoka Mongalla, na tangu hapo mji haukuacha kupokea watu. Walikuja Wadinka na Wanuer kutoka kaskazini, Wazande kutoka magharibi, Waacholi na Walotuko kutoka mashariki, pamoja na jamaa wa karibu wa Wabari wenyewe, yaani Wamundari, Wakuku, Wapojulu na Wakakwa, ambao lugha zao ni matawi ya shina moja.

Naanza na jina la mtaa kwa sababu sura hii ni ya muziki, na muziki wa Juba hauelewiki mpaka ujue nani anazungumza na nani, na kwa lugha ipi. Mtu aliyezaliwa kwenye makambi ya ng'ombe na mtu aliyezaliwa kwenye mashamba ya mihogo wanapokutana sokoni Konyo Konyo, husalimiana kwa Kiarabu cha Juba. Lugha hiyo ilianzia kwenye makambi ya askari wa utawala wa Kituruki na Kimisri katika karne ya 19, pale vijana wa makabila mbalimbali walipolazimishwa kuishi pamoja chini ya amri za Kiarabu. Wakaikata ile lugha, wakaipunguzia mikia na vichwa, wakabaki na kitu chepesi chenye nguvu. "Ana gi rua suk" ni "naenda sokoni", na hakuna cha ziada. Msomaji wa Kenya au Uganda anaijua ndugu yake. Baadhi ya askari hao waliletwa kusini na Lugard, ofisa Mwingereza, mwaka 1891, na wajukuu wao wa Kibera na Bombo wanaongea Kinubi mpaka leo. Mzee wa Kibera akishuka kwenye basi pale Juba, atasikika.

Basi ukiwa mwanamuziki katika mji kama huo, swali la kwanza linalokukabili ni la kinywa kabla ya kuwa la vidole. Ukiimba kwa lugha ya mama yako, robo ya mji itacheka na kulia nawe, na waliobaki watapita. Ukiimba Kiarabu cha Juba wote watakuelewa, lakini nyimbo za babu yako hazikutungwa kwa lugha hiyo. Nitamfuata mtu mmoja aliyelijibu swali hilo kwa namna ambayo sijaona mwingine akiijibu. Lakini kwanza nipite Rejaf.

Rejaf ipo kusini kidogo mwa Juba, chini ya kilima chenye umbo la pia, na ni mahali padogo palipobeba historia kubwa kupita kiasi chake. Mwaka 1897 majeshi ya Leopold, mfalme wa Ubelgiji, yaliwashinda hapo wafuasi wa Mahdi, na kwa miaka kadhaa ukingo huo wa Naili ukawa chini ya Kongo. Mwaka 1928 Waingereza waliitisha hapo mkutano wa lugha, wakachagua lugha sita za kufundishia watoto wa kusini: Kibari, Kidinka, Kilotuko, Kinuer, Kishilluk na Kizande. Lengo lao moja lilikuwa kukizuia Kiarabu. Wakaziandikia lugha sita vitabu, na ile ya saba, ambayo watoto walikuwa wanaisema wenyewe wakicheza, wakaiacha nje ya darasa. Mwaka huohuo wa 1928, ng'ambo ya bahari, Siti binti Saad alisafiri kutoka Unguja hadi Bombay kurekodi santuri za taarab kwa Kiswahili, muziki ambao ikulu ya sultani ilizoea kuusikia kwa Kiarabu. Huyo alikuwa amekwisha kufanya kazi ambayo mkutano wa Rejaf haukuifikiria: alichukua lugha ya vibarazani akaipandisha jukwaani.

Jina la Rejaf lilirudi kusikika baadaye kwa sababu ya furaha. Baada ya mkataba wa Addis Ababa wa mwaka 1972 kusini ilipata serikali yake ya mkoa, vita vikasimama kwa takriban miaka 11, na Juba ikajifunza kukesha. Bendi mbili ndizo zilizotajwa zaidi wakati huo, Skylarks na Rejaf Jazz.

Tulitazame hilo neno la mwisho. Jazi ya Afrika Mashariki haikuwa ile ya New Orleans. Dar es Salaam Jazz Band ilianzishwa mwaka 1932, Morogoro Jazz ikafuata mwaka 1944, na Kinshasa, enzi ilipoitwa Léopoldville, ikaizaa OK Jazz mwaka 1956. Katika bendi hizo zote neno "Jazz" lilikuwa kama tai shingoni: lilisema sisi ni watu wa mjini, tuna magitaa, tuna tarumbeta, tunapiga muziki wa kucheza wawili wawili. Ndani yake mlikuwa na rumba ya Kuba iliyorudi kwao Kongo kwa njia ya santuri. Rejaf Jazz ilikuwa pete ya kaskazini kabisa ya mnyororo huo. Juba ilisikiliza Kampala, Nairobi na Kinshasa, ikachukua magitaa yao na mwendo wao.

Siwalaumu hata kidogo. Mji uliotoka vitani miaka 17 unahitaji kucheza muziki usio wa kabila la mtu yeyote, na rumba ilikuwa ya wote kwa sababu haikuwa ya yeyote hapo. Ilifanya kazi ileile ya Kiarabu cha Juba. Ila tazama kilichobaki nje ya mlango wa ukumbi: nyimbo za makambi ya ng'ombe, ngoma za Wabari, vinanda vya nyuzi vya Wanuer na Waanyuak. Hivyo vilihesabiwa kuwa mambo ya nyumbani, ya kijijini, ya siku ya harusi na ya matanga. Mwaka 1983 vita vikarudi na kumbi zikafifia. Wanamuziki wengi, kama kila mtu aliyeweza kutembea, wakatawanyika.

Hicho kilichobaki nje ya mlango ndicho ninachotaka kukaa nacho.

Miongoni mwa Wanuer na Wadinka, wimbo una mwenyewe. Kijana wa Kinuer aliyeingia utu uzima kwa kuchanjwa mistari sita kwenye paji la uso hupewa fahali na baba yake, na tangu siku hiyo hubeba jina linalotokana na rangi na umbo la fahali huyo. Anamtungia wimbo. Anatembea naye jioni akimwimbia, na ndani ya wimbo huo anaingiza ukoo wake, msichana anayempenda, deni ambalo mjomba hajalilipa, matusi kwa aliyemdharau. Francis Mading Deng, mwanazuoni wa Kidinka, alikusanya nyimbo za watu wake katika kitabu alichokitoa mwaka 1973, na kinachomgusa msomaji humo ni jinsi nyimbo zinavyofanya kazi za mahakama, gazeti na barua ya mapenzi kwa pamoja. Mtu aliyedhulumiwa hutunga. Mtu anayeposa hutunga. Asiye na kipaji humwendea mwenye kipaji, akaeleza habari zake, akatungiwa, na wimbo ukawa wake.

Wakati mwingine wimbo wa namna hiyo husindikizwa na thom. Thom ni kinanda cha nyuzi chenye tumbo la bakuli lililofunikwa ngozi. Miti miwili inatoka tumboni kama pembe, mti wa tatu unaiunganisha juu, na nyuzi, mara nyingi tano, zinashuka kutoka mti huo wa juu hadi kwenye ngozi. Mwenye kuijua nyatiti ya Wajaluo tayari anaiona machoni. Nyatiti ina nyuzi nane na sauti nzito zaidi, lakini ni watoto wa nyumba moja, na hilo halishangazi: Wajaluo wenyewe waliteremka kutoka nchi hizo za Naili. Litungu ya Wabukusu ni ndugu, obokano ya Wakisii ni ndugu. Ukifuata mto kuelekea kaskazini utakuta kisir ya Wanubi wa mpakani na Misri, na simsimiyya ya mabaharia wa Suez. Ukivuka bahari utakuta tanbura katika Ghuba, iliyofika huko mikononi mwa watu waliouzwa utumwani kutoka Sudani na wakaipiga katika ibada za kutuliza pepo. Ni ala chache duniani zilizosafiri umbali huo bila kubadilisha umbo.

Mara ya kwanza kusikia thom ikipigwa na Gordon Koang nilidhani ni nyatiti iliyoharakisha. Nilikuwa nimezoea nyatiti ya Ayub Ogada, marehemu, ambaye mwaka 1993 alitoa albamu ya En Mana Kuoyo na kuipeleka ala ya Wajaluo mbele ya wasikilizaji wa dunia, taratibu, kwa upole, karibu kwa mnong'ono. Koang hanong'oni. Thom yake inakwenda mbio, mapigo mafupi yanarudi na kurudi mpaka miguu inaamua yenyewe, na sauti yake inapita juu, imenyooka, na mwisho wa kila sentensi anaivuta kidogo kama mtu anayeita ng'ambo ya mto.

Gordon Koang alizaliwa kipofu, Mnuer. Alijifundisha thom akiwa kijana, akaipeleka Juba, akaanza kuipiga barabarani na nje ya makanisa. Nimelifikiria sana jambo hilo la nje ya makanisa. Jumapili Juba ni mji wa watu waliovaa vizuri wanaotoka ibadani wakiwa na subira na chenji. Ni mahali pekee ambapo Mbari, Mdinka, Mnuer na Mzande wanapita mlango mmoja saa moja. Kwa mpiga kinanda asiyeona, umati huo hauna nyuso wala alama za makabila kwenye mapaji. Una sauti, hatua na sarafu. Kama kuna mahali thom ingeweza kujaribiwa mbele ya watu wasio wake, ni pale. Anayesimama na kusikiliza anasimama kwa sababu amependa. Anayepita anapita. Hakuna tiketi iliyomfunga.

Hapo ndipo ninapomtofautisha na bendi za enzi ya Rejaf Jazz. Wao walitoa muziki nje na kuuingiza Juba. Koang alitoa muziki wa ndani kabisa, muziki wa mtu mmoja na fahali wake, akauleta mjini ukiwa mzima, kisha akauongezea kile ambacho mji ulihitaji: umeme, mdundo wa kuchezesha, na maneno ambayo jirani anaweza kuyaitikia. Anaimba Kinuer, Kiarabu na Kiingereza, na mara nyingi anavuka kutoka lugha moja kwenda nyingine ndani ya wimbo mmoja. Mada zake ziko karibu na mahubiri: upendo, umoja, Mungu, watu kutulia. Wimbo wa kale ulikuwa na matusi kwa adui na majivuno ya ukoo. Yeye aliyaacha. Akabaki na mtindo wa kumwita mtu kwa jina, kumsalimu, kumwambia nakupenda, na kwamba wewe ndiye uliyenifanya mwanamuziki.

Wapo watakaosema kwamba kwa kuyaacha matusi na majivuno aliikata mila nusu. Hoja hiyo naiheshimu. Wimbo wa fahali bila ukali wake ni kama mchuzi bila chumvi, na mtafiti wa kweli atataka zote mbili zihifadhiwe. Lakini katika mji ambao jina la ukoo likitamkwa kwa majivuno linaweza kumwaga damu, naamini Koang alijua vizuri anachokiacha na kwa nini. Tena mila ile yenyewe ilimruhusu: ilimfundisha kwamba wimbo hutungwa kwa haja ya mtu wa leo. Haja ya watu wa Juba baada ya mwaka 2005, mkataba wa amani ulipotiwa saini na wakimbizi wakaanza kurudi kutoka Khartoum, Kakuma, Kampala na Nairobi, ilikuwa kujua namna ya kukaa mtaa mmoja.

Waliorudi walileta masikio mengine. Vijana waliokulia Kenya na Uganda walirudi na Kiswahili, na rege, na hiphop. Mwaka huohuo wa 2005 Emmanuel Jal, Mnuer mwingine, aliyebebeshwa bunduki akiwa mtoto na kuokolewa kupelekwa Kenya, alipata umaarufu mkubwa Nairobi kwa wimbo wa Gua, neno ambalo kwa Kinuer ni jema, ni amani. Katika nyimbo zake alichanganya Kinuer, Kidinka, Kiarabu, Kiswahili na Kiingereza. Kisha akashirikiana na Abdel Gadir Salim, gwiji wa oud kutoka Kordofan upande wa kaskazini, katika albamu ya Ceasefire: mkimbizi wa kusini na mzee Mwislamu wa kaskazini kwenye albamu moja, mwaka ambao wino wa mkataba kati ya pande zao ulikuwa bado haujakauka. Jal alikwenda na hiphop, na dunia ilimsikia upesi kwa sababu hiphop ina barabara za lami kila mahali. Thom ilikuwa na njia ya vumbi.

Hata hivyo ilifika. Koang alitoa albamu 10 akiwa bado mtu wa Juba, video zake zikapita kwenye simu za Wanuer waliotawanyika kutoka Gambella hadi Nebraska, na watu wake wakamwita mfalme wa muziki. Uhuru ulipotangazwa tarehe 9 Julai 2011, nchi ilikuwa na wimbo mpya wa taifa uliotungwa kwa mashindano, ukaimbwa kwa Kiingereza. Mitaani thom iliendelea na lugha zake tatu.

Mwaka 2013 Koang na binamu yake Paul Biel, anayempigia ngoma, walikuwa Australia wakifanya maonyesho kwa jumuiya za Wanuer wanaoishi huko. Tarehe 15 Desemba risasi zililia katika kambi ya jeshi Juba. Siku zilizofuata Wanuer waliwindwa nyumba kwa nyumba ndani ya mji, kama tume ya Umoja wa Afrika iliyoongozwa na Olusegun Obasanjo ilivyothibitisha baadaye, na maelfu wakakimbilia kwenye kambi za Umoja wa Mataifa. Kisasi kikafuata katika miji mingine, na Wadinka nao wakauawa. Yule aliyesimama nje ya makanisa akiwaimbia watu wote umoja, sasa asingeweza kurudi kwenye mji huo akiwa salama. Akaomba hifadhi. Mkewe na watoto walikuwa upande mwingine wa bahari.

Maombi ya hifadhi ni maisha ya kusubiri barua. Koang na Biel walisubiri karibu miaka sita. Mtu mwenye albamu 10, anayejulikana na kila Mnuer aliye na simu, alikuwa katika mji wa Melbourne mzee asiyeona aliye kwenye foleni. Nasema hivi nikijua kwamba wasomaji wengi wa kitabu hiki wana shangazi, kaka au rafiki aliyeko kwenye foleni kama hiyo, Kakuma au Minnesota, na wanajua kwamba kinachochosha zaidi ni kutokuwa na kazi ya kufanya kwa mikono.

Yeye mikono yake ilikuwa na thom. Alianza kupiga na wanamuziki vijana wa Melbourne kupitia Music in Exile, lebo isiyo ya faida iliyoanzishwa kwa ajili ya wasanii waliofika kama wakimbizi. Mwaka 2019 alipata ukaazi wa kudumu. Agosti 2020 ikatoka Unity, albamu yake ya 11, na ya kwanza kurekodiwa akiwa huko. Wenzake wapya hawakujua Kinuer. Walikuwa na gitaa, besi, ngoma na vinanda vya umeme, na kwa busara ambayo wazalishaji wengi hawana, waliiacha thom iwe mbele. Sikiliza jinsi besi inavyokaa kimya ikisubiri mzunguko wa nyuzi ujitambulishe mara mbili, tatu, ndipo inaingia. Katika rekodi nyingi za kuchanganya mila na muziki wa kisasa, ala ya kienyeji hupewa kazi ya pilipili: inanyunyizwa mwanzoni na mwishoni ili msikilizaji ajue chakula kimetoka mbali. Hapa thom ndiyo ugali.

Kuna wimbo humo unaoitwa Asylum Seeker, kwa maana ya mwomba hifadhi. Anawaambia waliobaki kwenye foleni kwamba anajua ilivyo, wasikate tamaa, barua itakuja. Kwa nje unaonekana wimbo mwepesi, karibu wa kuchekelea, na wenye mwendo wa kucheza. Sikiliza mara ya pili ukijua kwamba aliyeutunga alikuwa bado hajakutana tena na watoto wake. Hiyo ndiyo kazi ya wimbo wa kale: mtu mwenye shida anasema shida yake mbele za watu, kwa jina, na shida ikishaimbwa inakuwa na mahali pa kukaa nje ya kifua.

Katika mji huohuo wa Melbourne anaishi Ajak Kwai, mwimbaji aliyetoka nchi ya Wadinka upande wa Bor, aliyepitia Misri na kuingia Australia mwishoni mwa miaka ya 1990. Naye mwaka 2020 alitoa albamu, Let Me Grow My Wings, akiimba Kidinka, Kiarabu cha Sudani na Kiingereza, na muziki wake una mapito ya jazi ya kweli, ile ya sauti kutangatanga na kurudi. Mdinka na Mnuer, mwaka mmoja, mji mmoja. Nyumbani watu wao walikuwa wametoka kuuana.

Nikijiuliza nyimbo kama hizi zinahifadhiwa wapi, nakumbuka habari nilizowahi kusoma za Walatvia, taifa dogo kando ya Bahari ya Baltiki, ambao katika karne ya 19 walikuwa chini ya wakubwa wa Kijerumani na mfalme wa Urusi. Mtu mmoja aitwaye Krišjānis Barons aliweka pamoja mashairi yao mafupi ya kuimbwa, dainas, akiyapanga katika vijikaratasi ndani ya kabati lililotengenezwa kwa kazi hiyo. Vitabu vilivyochapishwa kati ya 1894 na 1915 vina mashairi 217,996. Kabati hilo lipo mpaka leo, linaheshimiwa kama kaburi la mtakatifu, na waimbaji wao wa jazi wanaorudi kutafuta nyimbo za bibi zao wana mahali pa kufungua mtoto wa meza.

Juba haina kabati. Kwa miaka kadhaa hata nyaraka za serikali, faili za mkoa, hukumu na barua za tangu ukoloni, zilikaa ndani ya hema, zikiliwa na mchwa na mvua, mpaka zilipookolewa na kuanza kupigwa picha moja moja. Nyimbo hazikupata hema. Zilikaa kwenye kaseti zilizopitishwa kutoka mkono hadi mkono vitani, zikavuka mipaka ndani ya mabegi ya wakimbizi, na watafiti wa Edinburgh na wa SOAS jijini London waliokuja kurekodi nyimbo za Kidinka baada ya mwaka 2005 walikuta watu wanaotumiana nyimbo kama sisi tunavyotumiana salamu za sauti. Nina wivu na kabati la Walatvia, siufichi. Ningependa mtoto wa Juba Na Bari aweze kwenda mahali akasikiliza ngoma za Wabari zilivyokuwa kabla ya mji, zikiwa na majina ya wapigaji na mwaka. Kazi hiyo inawezekana kufanywa sasa, wazee wangali hai, na kila mwaka unaopita unapunguza orodha.

Lakini nikiwaza hivyo nakumbuka kwamba thom haikumfikia Koang kupitia kabati lolote. Alijifundisha, akakaa nayo nje ya kanisa, akapiga mpaka mgeni akasimama.

Tarehe 15 Aprili 2016 Sudani Kusini ilitia saini mkataba wa kujiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki, na tangu hapo tunasema ni ndugu zetu rasmi. Redio zetu bado hazijasikia. Nimesikiliza vipindi vya zilipendwa Dar es Salaam na Nairobi kwa miaka mingi, na nimesikia Kinshasa, Havana, hata Bombay. Juba sijaisikia. Mtangazaji yeyote anayesoma hapa anaweza kuanza na ule wimbo wa Unity wenye jina la Kiingereza linalosema simama upige makofi. Lugha ya ubeti hataijua, na wasikilizaji wake hawataijua. Kwenye maonyesho ya Melbourne, watu wasiojua hata neno moja la Kinuer, wengine wakiwa hawajawahi kuiona Juba kwenye ramani, humsikia yule mzee akizungusha nyuzi mara ya kwanza, mara ya pili, na mara ya tatu wanakuwa tayari wameinuka vitini, na makofi yao yanaangukia palepale ambapo Paul Biel anaishusha ngoma.